Namna ya Kupata Kipato kwa Kuandika Tathmini za Bidhaa Mtandaoni

Mtu anayetaka kununua jokofu au simu, awe Mwanza, Nakuru au Bujumbura, siku hizi huanza kutafuta kwenye simu yake kabla hajafika dukani. Huandika jina la bidhaa, huongeza neno “bei”, kisha huuliza kama bidhaa yenyewe inadumu. Majibu anayoyapata kwa Kiswahili mara nyingi ni maneno ya muuzaji yaliyonakiliwa kutoka kwenye boksi, na akigeukia Kiingereza hukutana na tathmini ya mtu anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki, vumbi ni kidogo na fundi wa kampuni yuko karibu. Mnunuzi huyu anamhitaji mtu aliyeitumia bidhaa hiyo katika mazingira kama yake, akaipima, akaandika alichokiona. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuwa mwandishi huyo na kulipwa kwa kazi hiyo, nami nauandika nikiamini kwamba kipato cha kazi hii husimama juu ya ushahidi ambao msomaji hawezi kuupata kwingine.

Hatua ya kwanza: Fahamu fedha inatoka kwa nani

Wengi huingia wakidhani kwamba maduka ya mtandaoni huwalipa wanaoacha maoni na nyota chini ya bidhaa. Hayalipi. Mwezi Oktoba 2016 Amazon ilipiga marufuku maoni yanayoandikwa kwa kubadilishana na bidhaa za bure au punguzo la bei, isipokuwa kupitia mpango wake wa Vine ulioanza mwaka 2007, ambao huwaalika wahakiki inaowachagua yenyewe na kuwapa bidhaa bila malipo, lakini hauwapi fedha. Ziliwahi kuwapo tovuti zilizogawana mapato na waandishi wa tathmini, na iliyojulikana sana ni Epinions ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1999, lakini nayo iliacha kupokea maandishi mapya mwaka 2014. Anayekuambia leo kwamba utatajirika kwa kuweka nyota tu anakuuzia kitu kingine.

Fedha halali hutoka katika njia nne. Ya kwanza ni matangazo yanayowekwa kwenye tovuti au blogu yako, ambayo hulipa kidogo kidogo kadiri wasomaji wanavyoongezeka. Ya pili ni kamisheni: unaweka kiungo maalumu kinachompeleka msomaji dukani, naye akinunua unapata asilimia fulani ya bei, kama dalali anayempeleka mteja kwenye nyumba ya kupanga. Ya tatu ni udhamini, yaani kampuni kukulipa moja kwa moja ili uiandikie kuhusu bidhaa yake. Ya nne ni kuwauzia makala wenye tovuti nyingine, iwe kwa kuwaandikia barua pepe mwenyewe au kupitia masoko ya kazi kama Upwork na Fiverr. Kwa anayeanza, njia ya nne ndiyo inayoleta fedha mapema zaidi, na njia ya pili ndiyo inayoendelea kuleta fedha hata baada ya makala kuandikwa. Njia ya tatu ina malipo makubwa lakini ina hatari zake, nazo nitazieleza mbele.

Hapa ni lazima nisimame kidogo kwa sababu ya matapeli. Ujumbe huja kwa WhatsApp au Telegram, ukisema kwamba kampuni ya nje inatafuta watu wa kukadiria bidhaa kwa kubonyeza nyota, na kwamba malipo ni ya kila siku. Mara nyingi unalipwa kweli shilingi elfu kadhaa siku za mwanzo, kisha unaambiwa uweke fedha yako mwenyewe ili ufunguliwe “ngazi” ya juu yenye malipo makubwa zaidi, na ukishaweka, salio linaonekana likipanda kwenye kioo cha simu lakini halitoki, mpaka ulipie “kodi” au “ada ya kufungua akaunti”. Fedha hiyo hairudi. Watu wamepoteza karo za watoto na mitaji ya biashara kwa mtindo huu, na inauma zaidi kwa sababu wengi wao walikuwa wakitafuta kazi ya halali. Kanuni ya kushika ni moja: kazi ya kuandika haidai ada ya usajili, amana wala “mafunzo” ya kulipia kabla ya kupewa kazi. Ukiona namba ya kutuma fedha kabla hujaandika hata sentensi moja, funga mazungumzo na uzuie namba hiyo.

Hatua ya pili: Chagua kundi moja la bidhaa

Mwandishi anayetathmini viatu leo, kesho simu na keshokutwa mafuta ya nywele hawezi kuaminiwa kwa lolote, na injini ya Google nayo hupata shida kumweka mahali pamoja. Chagua kundi ambalo unalifahamu kwa mikono yako, ambalo watu hununua kwa fedha inayouma kiasi kwamba hutafuta ushauri kwanza, na ambalo bidhaa zake hubadilika mara kwa mara. Fundi simu ana faida katika simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen na ndizo zilizojaa mikononi mwa watu wa kwetu. Mama lishe au mpishi ana faida katika vyombo vya jikoni. Mkulima anajua pampu za maji za sola kuliko mwandishi yeyote wa mjini, na akizieleza kwa Kiswahili kizuri hana mshindani.

Kwa anayeishi Tanzania na bado hajaamua, ningemshauri atazame vifaa vya kupikia kwa umeme na gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na hiyo ina maana kwamba kaya nyingi zilizozoea mkaa zitanunua presha kuka ya umeme au jiko la induksheni kwa mara ya kwanza maishani. Swali lao la kwanza ni moja, nalo ni la haki: litakula uniti ngapi za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla?

Ukishachagua kundi, sikiliza maneno ambayo wanunuzi wenyewe hutumia. Andika mwanzo wa swali kwenye kisanduku cha Google uone kinavyolimalizia; soma maswali yaliyo chini ya matangazo ya wauzaji kwenye Instagram na Facebook; kaa dukani nusu saa usikilize wateja wanavyouliza. Utagundua kwamba hakuna anayeuliza “ufanisi wa nishati wa kifaa”. Wanauliza “linakula umeme?”, “spea zinapatikana?” na “hii si feki?” Maswali hayo ndiyo yatakayokuwa vichwa vya makala zako.

Hatua ya tatu: Ipate bidhaa bila kujifunga

Anza na vitu ulivyo navyo nyumbani, hasa vile ulivyovitumia kwa mwaka mmoja au zaidi. Tathmini ya blenda iliyosaga nazi na karanga kwa miaka miwili ina thamani kuliko ya blenda iliyofunguliwa boksi jana, kwa kuwa inaweza kueleza kama kisu kimepoteza makali, kama mpira wa chini unavuja na kama spea yake ilipatikana na kwa bei gani. Vilivyo kwa ndugu na majirani pia ni mali yako ya kazi, mradi uvione kwa macho na uvitumie mwenyewe, usisimuliwe tu.

Baadaye utahitaji kununua. Tunza risiti, piga picha ya boksi, namba ya utambulisho wa bidhaa (serial number) na alama ya ubora, yaani ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, kwa sababu msomaji wa kwetu ana hofu ya feki kabla ya hofu nyingine yoyote, na ukimwonyesha jinsi ya kutofautisha umeshamsaidia hata kama hatanunua. Unaweza pia kuzungumza na mwenye duka akuazime bidhaa kwa wiki mbili na kuirudisha. Njia hii ni nzuri kuliko kupewa bure, kwa maana kitu kilichorudishwa hakikuachii deni la fadhila.

Kampuni ikikupa bidhaa ibaki kwako, ipokee kwa sharti lililoandikwa, hata kama ni kwa ujumbe mfupi: kwamba utaandika unachokiona, kwamba hawataisoma makala kabla haijatoka isipokuwa kurekebisha bei au takwimu, na kwamba utawaeleza wasomaji kuwa umepewa. Kampuni inayokataa masharti haya inatafuta tangazo, na tangazo lina bei yake na jina lake. Usiliuze kwa jina la tathmini.

Hatua ya nne: Pima, kisha andika

Hii ndiyo hatua inayomtenganisha anayelipwa na asiyelipwa, na ndiyo inayorukwa na wengi. Tangu mwezi Aprili 2021 Google imekuwa ikirekebisha mfumo wake ili kuzipandisha juu tathmini zinazoonyesha kwamba mwandishi aliitumia bidhaa, zenye picha zake mwenyewe, vipimo na ulinganisho na bidhaa nyingine, na mwezi Desemba 2022 iliongeza uzoefu wa moja kwa moja katika mambo ambayo wakaguzi wake huangalia wanapopima ubora wa ukurasa. Lakini hata kama Google isingekuwapo, msomaji mwenyewe hujua. Anayesoma “ina betri yenye nguvu” haoni kitu. Anayesoma kwamba simu ilianza na asilimia 100 saa moja asubuhi na ilikuwa na 34 saa mbili usiku baada ya kutumika kama ramani na kupigia simu za kazi, anaona siku yake mwenyewe.

Tuchukue pawabenki, kitu kinachouzwa kila kona na kilichojaa udanganyifu. Boksi linasema mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri hubeba), na simu ya mteja ina betri ya mAh 5,000, kwa hiyo anatarajia kuijaza mara nne. Haitafika. Namba ya kwenye boksi hupimwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani, ambayo ni sawa na saa-wati 74. Umeme unapopandishwa kufikia volti 5 za waya wa USB, nadharia inabakiza mAh 14,800, na sehemu nyingine hupotea kama joto. Pawabenki nzuri ya ukubwa huo huijaza simu hiyo takribani mara tatu, na hilo si wizi, ndivyo umeme ulivyo. Ukimweleza msomaji hesabu hii kwa lugha nyepesi, atakuamini kwa mengine yote.

Kisha mwonyeshe wizi wenyewe. Seli moja ya kawaida ya mviringo inayotumika katika vifaa hivi ina uzito wa gramu 45 hivi na hubeba kati ya mAh 2,500 na 3,000 au zaidi kidogo. Pawabenki inayodai mAh 50,000 ingehitaji seli zisizopungua kumi na tano, yaani zaidi ya gramu 650 kabla ya kuhesabu kava na saketi. Chukua mizani ya jikoni, iweke juu yake, piga picha. Ikisoma gramu 230, huna haja ya kumtukana muuzaji wala kuandika neno “tapeli”. Picha ya mizani na hesabu ya mistari mitatu vinatosha. Kipimo kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya waya na simu kitakupa pia kiasi halisi cha umeme kilichotoka, na bei yake si kubwa ukilinganisha na heshima kitakayokuletea.

Presha kuka ya umeme nayo unaweza kuipima bila kununua chombo chochote. Zima jokofu, taa na kila kitu ndani ya nyumba, soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, pika nusu kilo ya maharage makavu mpaka yaive, kisha soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu ambalo kila mama wa nyumba analitafuta. Rudia kwa jiko la kawaida la umeme la koili, kwa maharage ya gunia lile lile na maji yale yale, kisha uweke matokeo kando kwa kando. Kifaa chenye wati 1,000 kingekula uniti moja kama kingewaka saa nzima bila kukatika, lakini presha kuka hujizima na kujiwasha ikishapata mgandamizo, kwa hiyo ulaji wake halisi ni mdogo kuliko boksi linavyotisha. Jambo hili halielezeki kwa maneno matupu. Mita ndiyo shahidi.

Kwa kila bidhaa weka daftari. Andika tarehe uliyoinunua, bei, duka, kilichofanya vizuri na kilichoharibika. Rudi kwenye daftari hilo baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita, maana kasoro nyingi za vifaa vya bei nafuu, kama vile chaji kulegea au kitufe kukwama, hazionekani wiki ya kwanza.

Hatua ya tano: Andika kwa ajili ya mtu aliyesimama dukani

Jibu liwe juu. Aya ya kwanza iseme bidhaa ni ipi, inamfaa nani, haimfai nani, na uliipata kwa bei gani na lini. Msomaji wako huenda anasoma kwa bando la siku moja, amesimama mbele ya muuzaji anayemharakisha, na si haki kumzungusha aya sita za historia ya kampuni ndipo umwambie kama anunue au aache. Maelezo marefu yafuate chini kwa anayeyataka.

Taja kasoro hata kwa bidhaa unayoipenda, na taja mbadala wa bei ya chini na wa bei ya juu. Tumia picha zako, si za kampuni. Vipimo viwe vya kwetu: muda wa kuivisha makande badala ya muda wa kuoka mkate, kishindo cha feni wakati wa usiku wa joto, jinsi redio inavyoshika mawimbi nje ya mji. Kama bidhaa inahitaji intaneti ya kudumu ili ifanye kazi, liseme hilo mapema, kwa kuwa kwa wengi ndilo linaloamua.

Katika kulaumu, andika unachoweza kukithibitisha. Sentensi “chaja hii ilipata joto la nyuzi 58 baada ya dakika ishirini” inajitetea yenyewe ikiwa una picha ya kipimajoto. Sentensi “kampuni hii inaua watu” haijitetei. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inagusa uchapishaji wa taarifa za uongo, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Mwandishi mwenye vipimo, risiti na picha anaweza kukosoa kwa uhuru mkubwa bila kuzikaribia.

Usinakili maoni ya wateja wa duka lolote ukayafanya yako, na usiandike tathmini ya kitu ambacho hujakishika. Ukitumia programu ya akili mnemba kunyoosha lugha, vipimo na hukumu viwe vyako. Programu hiyo haijawahi kuonja wali uliopikwa kwa jiko hilo, na ikiulizwa itatunga.

Hatua ya sita: Sema wazi nani amekulipa

Juu ya makala, si chini kabisa kwa herufi ndogo, andika sentensi kama hii: “Nilinunua jiko hili kwa fedha yangu, ukinunua kupitia kiungo kilichomo humu napata kamisheni, na bei yako haibadiliki.” Au: “Kampuni ilinipa simu hii bure na haikusoma makala kabla ya kutoka.” Wasomaji hawakimbii sentensi kama hizo. Wanachokikimbia ni kugundua baadaye.

Kwa wanaowaandikia wateja wa nje, jambo hili lina uzito wa kisheria. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza kuandika, kuuza na kununua tathmini za uongo, na faini inaweza kuzidi dola 50,000 kwa kila kosa. Uingereza nayo imeyakataza hayo tangu mwezi Aprili 2025 chini ya sheria yake ya masoko ya kidijitali na walaji ya mwaka 2024. Kwa hiyo mteja wa mtandaoni anapokuagiza umwandikie maoni hamsini ya nyota tano kwa majina tofauti, kataa, hata kama mfuko ni mtupu. Kazi hiyo inamdhuru mnunuzi usiyemjua, na akaunti yako ya kazi ikifungwa, sifa ulizojenga kwa miaka zinaondoka nayo.

Ukiwa na tovuti yako, viungo vya kulipiwa viwekewe alama ya “sponsored” katika msimbo wake, ambayo Google iliianzisha mwezi Septemba 2019 ili kuvitofautisha na viungo vya kawaida. Programu nyingi za kuendeshea blogu zina kisanduku cha kuweka tiki tu.

Hatua ya saba: Unganisha makala na mapato

Kwa msomaji wa Kenya, duka la mtandaoni la Jumia lina mpango wa kamisheni ambao mwandishi anaweza kuomba kujiunga. Tanzania haina bahati hiyo, kwa kuwa Jumia ilifunga shughuli zake nchini mwezi Novemba 2019, kwa hiyo mwandishi wa Dar es Salaam au Arusha analazimika kujijengea mpango wake. Si jambo gumu kama linavyosikika. Tafuta duka moja au mawili unayoyaamini, yenye bidhaa halisi na waranti inayoheshimiwa, mkubaliane asilimia ya kamisheni na siku ya malipo, kisha upewe neno maalumu ambalo mteja atalitaja au kulituma kwa WhatsApp ili apate punguzo dogo. Neno hilo ndilo litakalothibitisha kwamba mteja ametoka kwako. Yaandikeni makubaliano kwenye karatasi moja, mkiwa na sahihi mbili, na humo liwemo sharti kwamba duka halina sauti katika unachokiandika.

Amazon inawafaa wanaoandika kwa Kiingereza, au wanaowaandikia Waswahili walioko Marekani, Uingereza na Ulaya wanaonunua huko. Makundi mengi ya bidhaa zake hulipa kati ya asilimia 1 na 4.5, mteja akishabonyeza kiungo chako una saa 24 tu za kuhesabiwa ununuzi wake, na akaunti mpya isipopata mauzo matatu ndani ya siku 180 hufungwa. Usijiunge siku ya kwanza, basi. Jiunge ukishakuwa na wasomaji.

Hesabu iwe ya ukweli. Tuseme makala yako ya presha kuka inasomwa na watu 2,000 kwa mwezi, 100 wanabonyeza kiungo, na watatu wananunua kwa shilingi 180,000. Kwa kamisheni ya asilimia 4 umepata shilingi 21,600. Makala moja haikulishi, lakini ishirini za namna hiyo, zinazosomwa mwezi baada ya mwezi, ni mshahara wa mtu. Kumbuka pia kwamba pale wateja wanapolipa baada ya kupokea mzigo, baadhi huukataa mlangoni, na oda iliyokataliwa au kurudishwa haina kamisheni. Usitumie fedha kabla haijathibitishwa.

Matangazo ya Google AdSense huja baadaye, ukiwa na makala za kutosha. Jambo linalowakwamisha wengi wa kwetu ni dogo: mapato yakifikia dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa barua ya posta, na usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo yako husimamishwa. Andika sanduku la posta linalofunguliwa, hata kama ni la kanisa, msikiti au ofisi ya ndugu, baada ya kuomba ruhusa, na ulifuatilie. Malipo yenyewe hutoka ukishafikisha dola 100.

Hatua ya nane: Pokea fedha na umalizane na serikali

Mkenya anaweza kuhamisha fedha kutoka PayPal kwenda M-Pesa tangu mwaka 2018. Kwa Tanzania, PayPal kwa muda mrefu imeruhusu kulipa bila kupokea, hivyo wengi hutumia Payoneer au huduma ya kuingiziwa fedha benki moja kwa moja. Kabla hujakubali kazi ya nje, uliza inalipa kwa njia gani na makato ni kiasi gani, kwa sababu malipo ya dola 20 yakipitia njia mbaya hufika yakiwa yamepungua vibaya. Kampuni za Marekani zitakutaka pia ujaze fomu ya W-8BEN kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa huko kikodi. Jina kwenye fomu hiyo, kwenye akaunti ya benki na kwenye kitambulisho chako liwe lile lile, herufi kwa herufi.

Kodi usiikwepe. Kenya, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, hukata asilimia 5 ya malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi, na kamisheni za mauzo zimetajwa humo. Tanzania nayo ilileta makato ya asilimia 5 kwa watengeneza maudhui wa kidijitali katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2024. Mlipaji wa ndani akikukata, dai uthibitisho wa makato. Mlipaji wa nje asipokukata, mapato hayo bado ni yako kuyatangaza. Chukua namba ya mlipakodi mapema, yaani TIN kwa Tanzania au PIN kwa Kenya. Kwa walioko Tanzania, wasiliana pia na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa maandishi uulize kama aina ya blogu yako inahitaji leseni, kwa kuwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitungwa upya mwaka 2020 na zimerekebishwa tena baada ya hapo. Jibu lao lihifadhi.

Kila baada ya miezi mitatu, pitia makala za zamani kabla ya kuandika mpya. Rekebisha bei, ondoa kiungo cha duka lililofungwa, eleza kama toleo jipya limetoka, na uongeze aya yenye tarehe inayosema bidhaa imefikia wapi mikononi mwako. Kama iliharibika, sema iliharibika lini, fundi alisema nini na spea iligharimu kiasi gani. Kama ulikuwa umeisifu, badilisha hukumu hapo hapo juu, mahali ambapo mnunuzi ataiona kabla hajatoa fedha yake.